Hongo, posho na mnyapara

Najua nimepotea. Wiki nane nzima sijaandika kitu hapa, na kuna waliofikia kunitumia meseji kuuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani. Nilikuwa TP, Tabora, na anayejua TP anajua kwamba ukimaliza maandalio ya somo, kusahihisha madaftari themanini na kuchota maji, nguvu ya kuandika haipo tena.

Wenzangu wengi walipigania Dar na Moro. Mimi Tabora niliiomba mwenyewe. Baba yangu ni Mnyamwezi, ila sisi tumezaliwa na kukulia Morogoro, na Unyamwezi wangu mpaka mwaka huu ulikuwa vitu vitatu tu: jina la ukoo, dumu la asali linalokuja mara moja kwa mwaka, na utani. Rumeti wangu ni Mzaramo. Mbele ya wageni ananiita mtumwa wake, na mimi namjibu kwamba babu yake alimezwa mate na babu yangu akapewa shamba kama fidia (msiulize maana, utani hauna maana). Sabuni yake natumia bila kuomba. Tumeishi hivyo tangu mwaka wa kwanza.

Basi nikapelekwa shule moja ya sekondari pale mjini, nikapewa Kidato cha Pili, Historia, mada ya biashara za masafa marefu. Nikaanza na Sahara, ngamia, chumvi, dhahabu, halafu ndio tukaja nyumbani. Siku ile binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha kidole: "Mwalimu, na hapa Tabora ngamia walikuwa wangapi?"

Darasa likacheka. Lakini lile swali ni zuri kuliko mengi niliyosikia kwenye semina zetu hapa chuoni. Jibu ni kwamba hawakuwepo. Njia ya kati, kutoka Bagamoyo mpaka Tabora na kuendelea mpaka Ujiji, ilikatiza sehemu zenye mbung'o, na mnyama wa mizigo hachukui muda kufa. Punda walijaribiwa, wengi wakaishia njiani. Jangwa letu nalo lilikuwepo, lile pori kame kati ya Ugogo na Unyamwezi ambalo wasafiri waliliita Mgunda Mkali, jina ambalo hata ukilisoma umekaa kivulini unatafuta maji. Ngamia wa kupita Mgunda Mkali alikuwa bega la mtu.

Na mabega hayo mengi yalikuwa ya Wanyamwezi. Walikuwa wakishuka pwani na pembe zao wenyewe tangu mwanzoni mwa karne ya 19, kabla wafanyabiashara wa pwani na Waarabu wa Oman hawajajenga matembe yao Tabora, mji ambao wazungu wa mwanzo waliuandika Kazeh. Kabla ya pembe walizoea kubeba chumvi ya Uvinza na majembe ya chuma. Wengine hawakuishia kubeba. Msiri alitoka na watu wake huku kwetu kufuata shaba ya Katanga, akaishia kuwa mtawala mkubwa kule Bunkeya mpaka alipouawa mwaka 1891. Kijana ambaye hajaiona bahari alionekana bado mtoto. Ni kama vile siku hizi kwa baadhi ya watu usipokuwa na digrii, ila wao angalau walirudi na kitu mkononi.

Kwenye maktaba hapa chuoni nilikuwa nimesoma kitabu cha Stephen Rockel kinaitwa Carriers of Culture, cha mwaka 2006. Kinawahusu wapagazi watupu. Kwa hiyo yule kijana wa nyuma aliponiuliza, "Kwa hiyo hawa walikuwa watumwa?", nilikuwa na la kusema. Picha zote alizowahi kuziona ni za watu wa minyororo, na minyororo ilikuwepo kweli, sikumficha. Ila mpagazi wa Kinyamwezi kwa kawaida alikuwa mtu wa mkataba. Alipatana ujira wake, analipwa kwa vitambaa, shanga au waya wa shaba. Mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na kidogo. Posho kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Walianza kutembea alfajiri na kutua kabla jua halijawa kali, mbele yupo kirangozi na bendera, nyuma yake wabeba pembe, ambao ndio waliokuwa na maringo kuliko wote. Pembe nyingine zilifungwa kengele ya ng'ombe kwenye ncha. Hebu fikiria unasikia msafara wa watu mia kadhaa unakuja porini kwa kengele na baragumu!

Wakinyimwa posho wanatua mizigo. Wakionewa wanatoroka usiku, na asubuhi tajiri anabaki na marobota yake chini ya mti. Ukisoma Burton na Stanley, nusu ya kitabu ni malalamiko juu ya wapagazi. Burton alichukua siku 134 kutoka pwani mpaka Kazeh, akafika tarehe 7 Novemba 1857, na kwa alivyoandika utadhani kila siku kati ya hizo kuna mtu alimgomea. Mwalimu mmoja wa pale shuleni alinipeleka Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye lile tembe ambalo siku hizi ni makumbusho ya Livingstone. Livingstone aliagana na Stanley Machi 1872, halafu akakaa pale mpaka Agosti akisubiri wapagazi aliotumiwa kutoka pwani. Miezi mitano! Mtu ambaye dunia nzima ilikuwa inamtafuta, hawezi kusogea kwa sababu mabega hayajafika. Hiyo niliwapa wanafunzi na waliifurahia sana.

Kitu kingine walichokipenda ni maneno. Niliandika ubaoni maneno matatu: hongo, posho, mnyapara. Nikawauliza ni ya wapi. Wakasema hongo ya trafiki, posho ya kikao, mnyapara wa gerezani. Yote matatu yalitumika barabarani kwenye misafara. Hongo ilikuwa ushuru halali kabisa, mtemi anautoza kwa msafara unaopita kwenye nchi yake, unywe maji yake na upite salama, na Wagogo ndio walioujulia kuliko wote. Leo ukisema hongo unaitwa TAKUKURU. Posho imetoka kwenye kibaba cha mtama ikaingia hotelini kwenye semina (kule Uganda imebaki kuwa ugali wenyewe, angalau wao wanakula). Mnyapara alikuwa kiongozi wa wapagazi, mtu wa heshima zake. Na Marekani? Kabla ya kuwa nchi tunayoombea viza, kwa watu wengi wa bara ilikuwa kitambaa, merikani, kile cheupe kigumu kutoka viwanda vya Massachusetts. Wafanyabiashara wa Salem walikuwa wakija Zanzibar kukiuza, na nchi yao ikaweka konseli pale mwaka 1837. Pembe zetu nyingi zikaenda huko kuwa vibao vya piano.

Anguko lake linasimuliwa kwa kifupi sana: reli ikaja, misafara ikafa. Si uongo, ila si yote. Tembo wa karibu walikuwa wameshaisha mapema, ikabidi pembe zifuatwe ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Manyema. Kila hatua mbele ni gharama, na bunduki zaidi, na watu zaidi wanaokamatwa. Waarabu wa Tabora wakaanza kuchagua nani awe mtemi wa Unyanyembe, wakamtoa Mnywa Sere, wakamweka Mkasiwa. Upande wa Urambo akainuka Mirambo, ambaye alitaka njia ya Ujiji ilipe kwake. Mwaka 1871 akaifunga, akawapiga Waarabu na Stanley akiwa upande wao, akachoma sehemu ya Tabora. Watoto wa Tabora Mirambo wanamjua kwa jina la kambi ya jeshi. Nilipowaambia kwamba mwaka 1876 Stanley huyohuyo alikuja kuchanjana naye undugu, mmoja akasema, "Mwalimu, huyo mzungu ni kigeugeu." Sikumpinga.

Mirambo akafa Desemba 1884. Wajerumani wakapandisha bendera Tabora mwaka 1890, na Januari 1893, walipoivunja boma ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, akajilipua kwa baruti yake badala ya kushikwa. Hapo ndipo hongo ilipokufa kama ushuru. Aliyebaki kutoza ni serikali, na serikali ikaleta kodi ya kichwa. Mwaka 1901 Waingereza wakafikisha reli yao Ziwa Victoria, mizigo ya ziwa ikageukia Mombasa. Ya Wajerumani ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, vita ikaanza mwaka huohuo. Bega likahitajika tena, ila safari hii hakuna kupatana ujira. Watu walisombwa vijijini kubebea majeshi, wengi mno hawakurudi. Tabora ilitekwa na Wabelgiji Septemba 1916. Mwaka huohuo Wajerumani walikuwa wameshatengeneza sarafu ya dhahabu kwenye karakana ya reli hapohapo Tabora, na mnajua waliweka picha gani? Tembo.

Baada ya vita Wanyamwezi waliendelea kwenda pwani. Walienda mkonge wa Tanga, na kule mtu hakuitwa mpagazi, aliitwa manamba, kwa sababu alijulikana kwa namba. Ndio maana mimi nikisikia "reli iliua misafara" naona kuna kitu kimerukwa. Safari ya pwani haikufa. Kilichokufa ni ule uwezo wa kutua mzigo chini na kusema bila posho sitembei.

Nilikuwa nataka kuishia hapo. Lakini kuna jambo la shangazi.

Nilifikia kwa shangazi, Isevya. Kila asubuhi shikamoo, halafu ananifundisha kuitikia mwangaluka kama Mnyamwezi wa kweli, ananipa chai na michembe. Jioni moja nikamsimulia somo langu, wapagazi, mikataba, kengele kwenye pembe. Nilikuwa na fahari sana. Kwetu ilisemwa siku zote kwamba babu mkubwa alitembea kwa miguu mpaka Bagamoyo. Shangazi alinisikiliza akichambua mchele, halafu akasema, "Mwanangu, na shamba lake alikuwa analima nani?"

Nikanyamaza.

Hilo nalo lilikuwa limeandikwa kwenye vitabu nilivyosoma. Wapagazi waliokuwa wakienda pwani na kurudi walipata mali, na baadhi yao walinunua watu wa kuwalimia nyumbani. Wengi wa hao walionunuliwa walitoka Manyema. Wengi walikuwa wanawake. Nililipita kwenye kitabu kama unavyopita kituo ambacho hushuki.

Shangazi akasema bibi mzaa babu yake hakuwa na ukoo pale kijijini. "Alikuja na msafara," ndivyo walivyosema wakubwa, na watoto waliambiwa wasiulize zaidi. Alizaa, watoto wakachukua ukoo wa baba, mambo yakaisha. Ila penye kugawana mashamba, kuna watu walikuwa wanakohoa. Babu hakupewa shamba. Ndiyo sababu alienda mkonge, na ndiyo sababu baba yangu alizaliwa karibu na reli akaishia Morogoro. Mimi siku zote nilidhani tulihama kutafuta maisha.

Wiki iliyofuata yule kijana wa nyuma aliuliza tena, maana ni mbishi: mwalimu, sasa walikuwa watumwa au waajiriwa? Nikamwambia kwenye msafara mmoja walikuwepo wote wawili, na hata nyumba moja. Akaandika. Sikumwambia nyumba gani.

Nimerudi chuo juzi. Rumeti kanipokea mlangoni kwa sauti ya kusikika korido nzima, "Mtumwa wangu amerudi!", watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikampa asali yake. Usiku nikamsimulia. Alikaa kimya muda mrefu, kitu ambacho kwa Mzaramo si cha kawaida, halafu akasema kama ni hivyo basi sabuni nitumie tu, na deni la mate amelifuta.

Shangazi kanipigia jana. Kuna mzee Urambo, baba mdogo wa marehemu babu, ana miaka tisini na kitu, bado anakumbuka. Anasema bibi yule alikuwa na jina la kwao alilokuja nalo, na jingine alilopewa alipofika. La kupewa tunalo. La kwao shangazi anaenda kuliuliza Jumamosi, nauli nimemtumia kwenye simu, bumu likiingia nitarudishia nilikokopa.