Karamu ya Wahusika

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walinena wahenga. Mwenyeji wa karamu iliyofanyika mtaani Section 58, jijini Nakuru, usiku wa Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, hakudhani kwamba alikuwa na kidonda cha kuponywa. Nia yake ilikuwa kuwaburudisha marafiki waliosoma Kiswahili pamoja naye. Alipika pilau, akakatakata kachumbari, akajaza chupa tatu za chai kwa sababu ya baridi ya Julai. Kisha akaweka mlangoni kikapu cha vikaratasi vilivyokunjwa. Kila mgeni aliokota kimoja, na mhusika aliyeandikwa humo ndiye ambaye angemsemea baada ya mlo.

Jambo hilo si geni katika fasihi yetu. Katika ngoma ya gungu, iliyochezwa karamuni huko pwani, malenga mmoja alifumba kwa shairi na mwenziwe akafumbua. Karamu ilishibisha tumbo, ikapima na akili.

Aliyempata Kongowea Mswahili wa Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora ya mwaka 1996, aliisimulia safari ya kumtafuta baba hadi wenzake wakashika mbavu. Aliyempata Maimuna wa Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980, alitetewa na nusu ya sebule. Zamu ya mwisho ilikuwa ya Mzee Kedi.

Wasomaji wa Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta K. Matei ya mwaka 2017, wanamfahamu. Ni jirani wa Ridhaa, naye yumo miongoni mwa walioishambulia aila ya jirani yake katika ghasia za baada ya uchaguzi. Aliyekiokota kikaratasi hicho ni binti ambaye mwaka 2008, akiwa mtoto, alilala hemani pamoja na wazazi wake katika Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru. Mwenyeji, aliyeliandika jina hilo ili kutimiza idadi tu, alinyosha mkono akichukue. Binti akakataa.

"Niulizeni," alisema.

Kimya kilitanda. Hatimaye mmoja akauliza, "Mzee Kedi, kwa nini?"

Hakujitetea. Alisema kwamba alizijua sauti zote za nyumba ile. Kwamba aliwahi kukopa chumvi humo na kurudisha unga. Kwamba usiku ule aliogopa kuitwa msaliti na wenziwe kuliko alivyouogopa moto. Kisha akaketi, akaomba chai.

Darasani, Kedi hutoshelezwa kwa sentensi mbili: sifa zake na umuhimu wake. Ni rahisi kumsemea shujaa, na rahisi zaidi kumsemea aliyeonewa. Kumsemea aliyekukosea, pasipo kumwosha wala kumtukana, ndilo fumbo ambalo fasihi hutufumbia, na hapana mwongozo wa mtihani unaoweza kutufumbulia.

Zawadi iliyokuwa imetengwa, Kamusi ya Kiswahili Sanifu, haikutolewa wala kuulizwa. Wageni walipoondoka, mwenyeji alimsindikiza binti yule hadi barabarani. Familia ya mwenyeji haikuhama mwaka ule wa 2008. Wawili hao walikuwa marafiki kwa miaka sita bila kuutaja mwezi wa Januari. Usiku huo, wakingojea matatu, waliutaja.