Kibandiko cha Njia

Mwezi wa Februari 2024 Mwenyezi Mungu alitujaalia kumzuru mpwa wetu, afanyaye kazi Freiburg, kusini mwa Ujerumani. Siku moja alitupakia katika motokaa ya rafiki yake, twende Milano kuwaamkia jamaa.

Katika Ujerumani motokaa ndogo hupita barabara kuu bila ya malipo. Haikutimia saa moja twaliwasili forodhani Basel, na hapo ndipo mambo yabadilikapo. Tangu mwaka 1985 kila motokaa ipitayo barabara kuu za Uswisi yapaswa kuwa na kibandiko kiooni. Bei yake ni faranga 40, wala hakiuzwi cha siku moja. Apitaye mara moja na apitaye kila siku hulipa sawa. Tangu Agosti 2023 mtu aweza pia kukinunua kwa simu, kikaandikwa kwa namba ya motokaa yake.

Motokaa yetu ilikuwa na kibandiko cha 2023. Kibandiko cha mwaka hufaa tangu tarehe 1 Desemba ya mwaka uliotangulia hata 31 Januari ya mwaka ufuatao, yaani miezi 14. Chetu kilikuwa kimekwisha muda wake siku chache tu.

"Mjomba," akasema mpwa wetu, "hawa hawatazami. Nasi twapita leo tu."

Tukamwuliza, "Na wale watoto tunaowafundisha amana chuoni, tukirudi tuwaambie nini?"

Akanyamaza. Ni kweli mshahara wake si mkubwa, na fedha ile ilimtosha chakula cha siku kadhaa. Njia ndogo hazidai kibandiko, lakini wakati wa baridi ile ipandayo mlima wa Gotthard hufungwa kwa theluji. Faini ya asiye nacho ni faranga 200, na kibandiko atakinunua vilevile. Lakini si faini iliyotutia hofu. Tukachanga nusu kwa nusu, tukakinunua palepale.

Tukapita ndani ya mlima ule kwa tundu la kilomita 17 hivi, lililofunguliwa mwaka 1980, wala hatukudaiwa zaidi. Tulipovuka Chiasso kuingia Italia, desturi ikawa nyingine: huko hulipwa milangoni, na katika barabara nyingi mtu huchukua tiketi aingiapo, akalipa atokapo kwa kadiri ya mwendo wake. Karibu na Milano twalishika njia iendayo Varese, iliyofunguliwa mwaka 1924, miongoni mwa barabara kuu za kwanza za motokaa duniani.

Tangu Basel hata Chiasso hakuna aliyetuuliza neno. Mpwa wetu akacheka, "Mjomba, tungalipita bure!"

Tukamjibu, "Tungalipita, mwanangu, lakini si bure."

Enyi vijana msafirio, ulizeni sheria ya nchi kabla ya kuvuka mpaka wake. Aingiaye nchi ya watu ameingia katika ahadi yao, aonekane asionekane. Wabillahi tawfiq.