Tulipokwenda Kutazama Mahali pa Arusi, Ufuoni mwa Bahari

Mdogo wangu yuko Dar es Salaam kwa kazi, mwaka wa sita sasa. Mwaka jana alitupigia simu Kalemie, akatupa habari ya furaha: amepata mchumba, msichana mkristo wa Bagamoyo, nao wanataka karamu ya arusi ifanyike katika hoteli moja huko, ufuoni mwa bahari.

Sisi sote tulishangilia, ila Mama. Mama ni mzaliwa wa upande wa Kabambare, katika Maniema, na tangu utoto nimemsikia akisimulia mambo aliyosimuliwa na nyanya yake: jinsi watu walivyotolewa vijijini wakiwa wamefungwa shingo kwa shingo, wakavushwa ziwa la Tanganyika, wakaenda pwani, wasirudi tena. Kwake yeye pwani si neno la karamu. Alikaa kimya, kisha akaniambia: «Nenda wewe, mwanangu, ukapatazame. Macho yako yawe macho yangu. Ukiona ni pabaya, usinifiche.»

Basi wakati wa likizo nikavuka ziwa mpaka Kigoma, nikapanda gari la moshi. Reli ile, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina urefu wa kilometa 1,250 hivi hadi Dar es Salaam. Mtu anayeketi siku mbili dirishani, akiona Tabora, Dodoma na Morogoro zikipita, anapata nafasi ya kuwaza habari za wale walioipita nchi hiyo kwa miguu, na pembe ya ndovu mabegani. Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni mwendo wa kilometa 70 tu.

Tulifika hotelini saa nne asubuhi, watu wanne: mdogo wangu, mchumba wake, mimi, na mjomba wa msichana, mzee aliyekuwa mvuvi maisha yake yote. Sitaki kusema uongo: mahali pale palinivutia. Minazi ilikuwa imepangwa vizuri, mchanga ulifagiliwa kama sakafu ya sakristia, na tao la mbao lilisimama tayari kuvikwa maua, likielekea baharini. Maji yenyewe yalikuwa mbali sana. Kati yetu nayo palikuwa na uwanja mpana wa mchanga wenye unyevu, watoto wakicheza mpira juu yake. Msimamizi, kijana mwenye adabu, alitueleza: viti 150 vitapangwa mbele ya tao, sherehe ianze saa kumi alasiri jua linapopoa. Kila mgeni analipiwa kwa kichwa. Nusu ya fedha hutangulia, nayo hairudishwi. Chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi kuingia. Langoni atasimama mlinzi mwenye orodha ya majina.

Mdogo wangu alikuwa akiitikia kila neno. Mchumba wake alitazama chini. Mjomba aliuliza jambo moja tu: arusi ni tarehe gani? Alipojibiwa, akahesabu kwa vidole, akatabasamu. «Mwalimu,» akaniambia, «tusilipe kitu bado. Twende zetu misioni, turudi hapa saa kumi.»

Hivyo ndivyo nilivyoiona misioni ya Bagamoyo, ambayo Mapadri wa Roho Mtakatifu waliianzisha mwaka 1868. Seminarini tulifundishwa habari zake kwa mistari miwili, pamoja na habari ya mwili wa Livingstone uliofikishwa hapo mwaka 1874. Lakini jambo lililonishika ni jingine. Mapadri wale waliwakomboa watumwa, wengi wao watoto, wakawalea na kuwafundisha kazi; walipokua wakawafungisha ndoa, kila jamaa mpya ikapewa nyumba na shamba. Watumwa walioletwa pwani zamani zile walitoka nchi nyingi za bara, na Maniema ni mojawapo. Nilisimama kando ya makaburi, nikakumbuka kwamba nyanya yake Mama alisema «hawakurudi», wala hakusema wamekufa. Kumbe wako waliofanya arusi hapa.

Nikamwuliza mdogo wangu kama amekwisha kumwona padri. Akajibu kwamba alifikiri padri ataitwa aje penye tao. Hapo nilikuwa mwalimu kidogo. Nikamweleza kwamba Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1118, yaagiza ndoa ya wakatoliki wawili ifungwe katika kanisa la parokia. Kuifunga mahali pengine panapofaa ni kwa ruhusa ya Askofu, wala ruhusa hiyo hainunuliwi pamoja na viti. Alinyamaza. Naona nilisema kwa ukali kuliko ilivyopasa.

Saa kumi tukarudi. Wasomaji wapenzi, mimi ni mtu wa ziwa. Ziwa letu hupanda na kushuka kwa majira ya mvua na kiangazi. Halitembei kati ya asubuhi na jioni. Uwanja ule mpana haukuwapo tena. Watoto wameondoka, na mawimbi yalikuwa yakilamba miguu ya tao. Mjomba akanieleza mambo ambayo kila mtoto wa pwani ayajua: bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na saa zake husogea karibu dakika 50 kila siku. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, huja bamvua, yaani maji hujaa kupita kiasi na kupwa mbali sana. Katikati ya nyakati hizo ni maji mafu, yasiyosogea sana. Na bamvua ya pwani ile hujaa kwenye saa kumi. Tarehe waliyoichagua ilikuwa siku ya mwezi mpevu.

Msimamizi akasema si neno, viti vitahamishiwa kwenye majani. Lakini majani yale yaliweza kupokea watu 80, si zaidi.

Ndipo msichana alipofungua kinywa. «Shemeji, hata wakienea, mama zangu wadogo watapika wapi? Wamekwisha kuweka mchele. Na bibi yangu, anayeuza samaki hapo nje, aanze kutafutwa jina lake langoni?» Nikamgeukia mdogo wangu, nikidhani nitasikia habari za marafiki wa kazini na fahari ya mjini. Akanijibu kwa sauti ndogo: «Kaka, nilitaka Mama apaone pazuri. Ajue kwamba mimi sikupotea huku.»

Sikuwa na la kumfundisha. Tuliketi mchangani, tukapiga hesabu nyuma ya karatasi ya bei. Nusu ile ya kutangulia, peke yake, ilitosha nauli ya Mama na shangazi wawili, kwenda na kurudi, na mbuzi wawili juu yake. Mjomba akasema uani kwake pana mwembe mkubwa, na kutoka hapo hadi kanisani si mbali. Kuhusu tarehe, hapakuwa na sababu ya kuibadili: mwembe haujali bamvua.

Usiku nikampigia Mama. Nikamweleza yote kwa utaratibu: hoteli, maji, mchele wa mama wadogo, makaburi ya misioni, na wale waliofungishwa ndoa wakapewa nyumba. Alinisikiliza pasipo kunikatiza. Nilipomaliza, akauliza:

«Na maji yale, ni ya chumvi kweli kama walivyosema?»

«Ni ya chumvi, Mama. Nimeyaonja.»

Akanyamaza tena, nami nikasikia kuku wake wakihangaika penye simu.

«Basi niulizie gari la moshi,» akasema, «linaondoka Kigoma siku gani.»