Mhunzi wa Ukoo Wetu

Siku moja nilikuwa nikiwafundisha watoto wa darasa la sita, hapa Kihesa, habari za vita vya Lugalo. Nikawaeleza jinsi mashujaa wa Mkwawa, wengi wao wakiwa na mikuki na ngao, walivyoliangukia ghafula jeshi la Wajerumani tarehe 17 Agosti, 1891, wakamwua na mkuu wake, von Zelewski. Nilipofika hapo moyo wangu ulijaa majivuno, nikasema, "Na mingi katika mikuki ile aliifua baba yake babu yangu, maana alikuwa mhunzi."

Mtoto mmoja wa mstari wa mbele akainua mkono. "Mwalimu," akasema, "nani aliyekuambia?"

Nikakosa jibu. Habari ile niliisikia nyumbani tangu utoto, nikaichukua kama mtu achukuavyo mzigo uliofungwa, asijue kilichomo. Nikawaambia watoto, "Ngojeni, nitauliza."

Likizo ilipofika nikavuka mto Ruaha Mdogo, nikaenda kwa shangazi yangu, ambaye peke yake amebaki katika watoto wa babu. Yeye alimwona mzee yule kwa macho yake, na alipokuwa mtoto alikuwa akimvutia mivukuto. Nikamsalimu, "Kamwene, shangazi," nikaketi chini, nikamweleza haja yangu. Kwanza nikamwomba anionyeshe nyundo ya mzee, niliyokuwa nikiiona pembeni ya ghala nilipokuwa mdogo.

Shangazi akanitazama sana, kisha akacheka. "Mwanangu, wewe ndiwe uliyeiuza kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, ukanunua maandazi. Umesahau?"

Naam, nilikuwa nimesahau. Maandazi yale yalikwisha siku ile ile, na nyundo haitarudi kamwe. Nikaona haya mbele yake, wala sikuweza kuinua uso.

Basi akanichukua mpaka mahali palipokuwa kiwanda cha mzee, chini ya mti, kando ya shamba. Tukafukua kidogo kwa jembe, tukapata makaa, vigamba vyembamba vya chuma, na kipande cha mrija wa udongo uliokuwa ukipitisha pepo za mivukuto motoni. Mavi ya chuma hatukuyaona hata kidogo. Hilo lilinifundisha jambo. Yafaa mjue kwamba kazi ya chuma ilikuwa ya namna mbili. Kwanza ilikuwapo kazi ya kuyeyusha: mawe yenye chuma yalipangwa pamoja na makaa katika tanuru ya udongo, watu wakavukuta kwa muda mrefu, hata chuma kikajitenga na takataka zake. Takataka hizo ndizo mavi ya chuma, nazo hukaa ardhini miaka mingi sana bila kuoza. Pili ilikuwapo kazi ya kufua: chuma kilichokwisha kupatikana kilitiwa motoni, kikapigwa juu ya fuawe hata kikawa jembe, shoka au kisu. Mzee wetu hapa alikuwa akifua tu, hakuyeyusha.

"Basi alijifunzia wapi?" nikauliza.

Shangazi akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Baba yangu alitukataza tusiseme. Lakini mimi nimezeeka, nawe ni mwalimu. Mzee hakuwa Mhehe wa kuzaliwa. Alikuwa Mkinga."

Akanisimulia yote. Huko Ukinga, katika milima ya Livingstone, watu walisifiwa kwa uhunzi, na majembe yao yaliuzwa mbali. Baba yake mzee alikuwa mmoja wa wahunzi hao. Siku moja alikwenda kuuza majembe Ubena pamoja na mwanawe, mvulana asiyeweza bado kuinua nyundo ya baba yake. Njiani wakashambuliwa na watu wa vita. Baba akauawa, na mtoto akaletwa Uhehe, mateka. "Alikuwa akituambia," akasema shangazi, "kwamba alivuna huku mara moja tu, kisha akaona watu wakikimbia kutoka Kalenga, boma limevunjwa."

Wanafunzi, fanyeni hesabu. Boma la Kalenga lilitekwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba, 1894. Kama mzee alivuna mara moja tu kabla ya siku hiyo, basi aliletwa mwaka 1893, au mwanzo wa 1894. Lugalo ilikuwa imekwisha kupita. Hakufua hata mkuki mmoja wa vita ile. Alikuwa mtoto bado, kwao Ukinga, akivuta mivukuto ya baba yake.

Kazi aliyoiona kwa baba yake, hiyo ndiyo aliyoishika ukubwani katika nchi ya ugeni. Nyakati zile majembe ya Ulaya yalikuwa yakija kwa wingi, na kazi ya kuyeyusha ikafifia. Yeye akawa akiokota vyuma vikuukuu, akavigeuza visu na mashoka, na jembe lililovunjika akalitengeneza. Watu wakamheshimu, akaoa, akapata shamba. Mtu aliyeletwa kwa mkuki akawalimisha wale waliomleta.

Tulipofungua shule nikasimama mbele ya darasa nikasema, "Niliwaambia neno lisilo kweli." Nikawaeleza yote, hata habari ya nyundo na maandazi. Nalidhani watacheka. Hawakucheka. Yule mtoto mdogo akauliza, "Mwalimu, je, sasa unamwonea haya mzee wako?" Nikamjibu, "La. Namwonea haya mwenye kuiuza nyundo yake."

Basi nanyi mnaosoma, waulizeni wazee wenu wakiwa hai, na kila mnaloambiwa lipimeni kwa lile lijulikanalo. Mkikuta chombo cha kale nyumbani, kitunzeni, maana chaweza kusema yale ambayo watu wamekatazwa kuyasema. Wahenga walinena, "Mwacha asili ni mtumwa." Mzee wetu alitekwa, lakini asili yake hakuiacha, aliishika mkononi kila siku pamoja na nyundo. Sisi tuliomficha ndio tuliokuwa watumwa.