Majani chai yalitangulia, mama akafuata

Msomaji mpendwa, hebu nikuulize swali moja kabla hujageuza ukurasa. Je, mzazi wako amewahi kuiona bahari? Sisemi kwenye runinga wala kwenye picha ya kalenda ukutani. Nauliza kama amewahi kusimama ufuoni, maji ya chumvi yakamlowesha miguu.

Mimi nilijiuliza swali hilo nikiwa nimekwisha kuchelewa. Nimezaliwa na kulelewa Bomet, katika kijiji ambacho ukifungua mlango asubuhi unapokewa na ukungu, umande na kijani cha majani chai kinachotambaa vilimani hadi Kericho. Wazazi wangu walikuwa na shamba dogo, lisilofika ekari mbili. Shamba hilo ndilo lililotusomesha sote watano, na ndilo lililonipeleka chuo cha uandishi wa habari. Tulipokuwa wadogo baba alikuwa na ahadi moja asiyochoka kuirudia: "Bonasi ikija, tutakwenda Mombasa tukaone majani yetu yanakopelekwa."

Huenda wewe uliyekulia mjini hujui bonasi ni kitu gani. Mkulima mdogo wa chai hulipwa mwezi kwa mwezi kwa kila kilo anayopeleka kituoni. Kiwanda kikishauza chai na kupiga hesabu za mwaka, mkulima hupewa malipo ya pili, aghalabu mwezi wa Oktoba. Malipo hayo ndiyo bonasi. Fedha hizo huwa na wenyewe kabla hazijafika: karo, mabati, deni la dukani, dawa. Basi kila mwaka bonasi ilikuja, na kila mwaka Mombasa ikasogezwa mbele. Baba alifariki mwaka 2016 bila kuiona.

MAGOTI HAYANUNULIWI

Oktoba iliyopita mama alinipigia simu Nairobi. Kitinda mimba wetu alikuwa amemaliza masomo. "Mwanangu," akasema, "mwaka huu bonasi haina mwenyewe. Nipeleke Mombasa."

Habari hiyo ilizua kikao cha familia. Kaka yangu mkubwa alikuwa amekwisha kumpigia hesabu mtamba mmoja mzuri kwa jirani, mwenye mimba ya miezi sita. Akauliza, kwa heshima lakini kwa uchungu, inakuwaje jasho la mwaka mzima liende kutazama maji. Majirani nao hawakukosa la kusema.

Mama aliwasikiliza wote, kisha akajibu: "Mtamba nitamnunua mwakani. Magoti hayanunuliwi."

Sitakuficha, msomaji. Moyoni mwangu mimi pia nilikuwa upande wa kaka. Nilifikiria gharama na umri wa mama, ambaye ana miaka 68 na mgongo uliobeba kikapu tangu usichana. Lakini usiku nilikosa usingizi nilipokumbuka kwamba mimi mwenyewe nimekwenda Mombasa mara tatu kikazi, nikala, nikaoga baharini, nikarudi na korosho. Hata siku moja sikuwaza kumchukua mama. Aibu iliyonishika usiku huo ndiyo iliyonifanya nikate tiketi.

Tulisafiri Desemba, mama, mimi na wanangu wawili, ambao humwita kogo, yaani nyanya. Mama alishuka kutoka Bomet kwa matatu kupitia Narok, akalala kwangu, na asubuhi tukapanda lile gari la moshi lililoanza kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa katikati ya mwaka 2017. Katika nyika ya Tsavo tuliwaona ndovu wekundu kwa vumbi la ardhi ya huko. Mama alifungua kifungo kimoja cha sweta yake, kisha cha pili. Tulipofika Miritini sweta ilikuwa mkobani.

Binti yangu alimweleza kwamba kijiji chetu kiko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mama akacheka. "Kumbe miaka yote hii mnanipima kwa kitu nisichokijua!"

NYUMBA YA WARENO

Siku ya pili tulikwenda Mji wa Kale, hadi Ngome ya Yesu, ile watu waizoeayo kwa jina la Fort Jesus. Vasco da Gama, nahodha wa Kireno, alifika Mombasa Aprili 1498. Hakupokewa vizuri, akaendelea hadi Malindi alikokaribishwa. Wareno walirudi wakiwa na mizinga, wakaushambulia mji na kuuchoma zaidi ya mara moja, na mwaka 1593 wakaanza kujenga ngome hiyo kwa ramani ya Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Walikaa humo kwa karne moja hivi, mpaka Waarabu wa Oman walipowazingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 na kuwatoa. Waingereza walipokuja wakaifanya jela, tangu 1895 hadi 1958. Leo ni makumbusho, na mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Nilidhani mama angechoshwa na tarehe hizi. Kumbe sivyo. Alipapasa ukuta wa mawe ya matumbawe, akatazama mizinga, kisha akamuuliza yule kijana aliyekuwa akitutembeza: "Na wenye mji walikuwa wapi haya yote yakijengwa?"

Kijana alimtazama kwa heshima mpya. "Walikuwa hapa hapa, mama. Wengine walipigana, wengine walikimbia, na wengine ndio waliobeba mawe."

Mama akatikisa kichwa. Nilijua anawaza nini. Kwetu pia, mashamba makubwa ya chai yaliyopandwa na makampuni ya Kiingereza kuanzia miaka ya 1920 yalikuwa malisho ya watu fulani, na bibi zetu walituonyesha kwa kidole mahali ng'ombe wao walipokuwa wakinywa maji.

Kisha yule kijana akatuchekesha. Alisema Wareno walishindwa, lakini maneno yao yalibaki. Meza ni yao, bendera ni yao, karata ni zao. Neno gereza linatokana na neno lao la kanisa. Akanyoosha kidole kwenye kitambaa alichojifunga mama kiunoni: "Na hiyo leso, mama, jina lake ni la Kireno."

Mama alijitazama kiunoni kama mtu aliyegundua kwamba amebeba mgeni.

NDUGU WA NYOKA

Hapo ndipo njaa ilipotushika, na hapo ndipo shida ilipoanza. Msomaji, nyumbani kwetu samaki hakuwa chakula. Tulikula kimyet, ndio ugali, kwa mboga ya isagek na maziwa ya mursik. Mama alizoea kusema kwamba samaki ni ndugu wa nyoka aliyekimbilia majini.

Tuliingia mkahawa mdogo katika kichochoro kimoja, mahali ambapo wenyeji wenyewe walikuwa wakila. Mezani kukaletwa wali wa nazi, changu wa kupaka mwenye rojo la nazi na ukwaju, kamba wa kukaanga na sahani ya pweza. Mama alisogeza kiti nyuma. Akaomba chai.

Binti yangu ndiye aliyetuokoa. "Kogo," akasema, "mwalimu alitufundisha kwamba mahindi hayakuwa ya huku. Yalitoka Amerika, na Wareno ndio walioyaleta Afrika kwa meli zao. Zamani kimyet kilikuwa cha wimbi. Sasa kogo, umekula chakula cha Wareno maisha yako yote, utaogopa samaki wa Kenya?"

Nami nikaongeza langu. Hata hicho kikombe cha chai kina Ureno ndani yake. Catherine wa Braganza, binti wa mfalme wa Ureno, aliolewa na Charles wa Pili wa Uingereza mwaka 1662, na mazoea yake ya kunywa chai yakaigwa na wakubwa wa pale ikulu mpaka chai ikawa fahari ya Waingereza. Waingereza haohao ndio walioileta Kenya, ikapandwa kwanza Limuru mwaka 1903, na baadaye Kericho. Kwa hiyo, nikamwambia, kuna binti wa Kireno nyuma ya kikapu chako.

Mama alinyamaza kidogo. Akamega kipande cha changu, akakitia kinywani, akafumba macho kama anayemeza dawa. Kisha akafumbua. Akamega kingine. Mwenye mkahawa, mama wa makamo aliyekuwa akitutazama, akaja mwenyewe na sahani ya pili, akasema, "Karibu pwani, mama yangu. Kula taratibu, ana miiba." Alhasili, mama alimaliza samaki mzima. Lakini pweza hakumgusa. "Mwenye miguu minane," akasema, "abaki na jamaa zake."

UFUONI NA MSITUNI

Siku ya tatu tulikwenda Bamburi, kwenye ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta. Palijaa watoto waliokodi maboya ya tairi, ngamia wa kupanda, na wauza mananasi na madafu. Maji yalikuwa yamekupwa. Mama alivua viatu, akakunja leso, akatembea polepole hadi maji yakamfika magotini, magoti yale yale. Alisimama hapo muda mrefu. Sikumwita. Nilimwona akichota maji kwa kiganja na kuyaonja, kisha akatema na kucheka peke yake.

Alasiri tulivuka barabara hadi bustani ya Haller. Hapo palikuwa machimbo ya mawe ya kutengenezea saruji, ardhi iliyobaki mifupa mitupu. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda mivinje, mti unaovumilia chumvi na mawe. Majani yake yalipoanguka hayakuoza upesi, akaleta majongoo wayatafune, na kinyesi chao kikawa udongo. Leo ni msitu wenye twiga, viboko na kobe wakubwa ambao mtoto anaweza kuwakalia. Kobe mmoja wa hapo, Mzee, alijulikana duniani kote kwa kuwa rafiki wa Owen, kiboko mchanga aliyeokolewa baharini mwishoni mwa mwaka 2004.

Wanangu walikimbilia kuwalisha twiga. Mama aliinama, akachukua udongo, akaunusa kama afanyavyo shambani. "Majongoo yalifanya hivi? Nami nimeyafagia miaka yote!"

NIMEYAONA

Jioni ya mwisho tulikaa Mama Ngina, tukitafuna mihogo ya kukaanga kwa ndimu na pilipili. Mchana wake tulikuwa tumepita kwenye maghala ya chai, nami nikamweleza mama jinsi majani yake yanavyosafiri: kutoka kituo hadi kiwandani, kutoka kiwandani kwa lori hadi hapa, kisha mnadani. Mnada wa chai ulihamishwa kutoka Nairobi hadi Mombasa mwaka 1969. Hapo huuzwa chai ya Kenya na ya nchi jirani kwa dola, na wanunuzi wakubwa ni Pakistan, Misri na Uingereza.

Mahali hapo mlango wa bandari ya Kilindini ni mwembamba, na meli hupita karibu mno na nchi kavu. Jua likizama ilitokea moja, ndefu, imepakia makontena kama matofali. Mama akasimama.

"Hiyo ina chai?"

"Sijui mama. Huenda."

Akaisindikiza kwa macho mpaka ikawa kitu kidogo. Kisha akainua mkono na kuipungia. Nilijua hapungii mabaharia. Baadaye kidogo akasema, kwa sauti ya chini, "Baba yenu angependa kukaa hapa." Hatukusema mengi zaidi jioni hiyo.

Mama alirudi Bomet na chupa ya maji ya bahari. Naambiwa siku iliyofuata aliibeba hadi kituo cha kununulia majani, akawaonjesha wachumaji wenzake kwenye foleni ya mizani. Hata karani alionja, akakunja uso. Mmoja akamuuliza, "Na majani yetu, uliyaona?"

"Nimeyasindikiza hadi melini," mama akajibu.

Kaka yangu alikuwapo. Ndiye aliyenipigia simu kunisimulia, na kabla ya kukata akaniuliza, kana kwamba ni jambo dogo tu, tiketi ya gari la moshi hukatwaje.

Basi nawe msomaji, ukipanga safari ya namna hii, kata tiketi mapema, hasa Desemba, na usisahau vitambulisho. Waulize wenyeji saa za maji kupwa na kujaa kabla ya kuingia baharini. Uliza bei kabla ya kula. Acha makombe na matumbawe yalipo. Na kama mfuko hauruhusu watu wote waende, wapunguze watoto, usimpunguze mzee. Watoto wana miaka mingi ya kuiona bahari. Baba yangu naye alidhani anayo.