Picha za Bibi Harusi ni Amana



Sisi ni mafundi wanne wa nguo za harusi. Wawili tuna cherehani zetu Bukoba mjini, wawili tuko Muleba, na mfuko wetu ni mmoja. Leo hatuzungumzii shela wala hina. Tunazungumzia nywila, yaani neno la siri la kufungulia simu, barua pepe na mitandao, kwa sababu siku hizi nusu ya kazi ya kumshonea bibi harusi inapita kwenye simu.

Chukua mfano wa binti aliyeko kisiwani Bumbire. Kila akija kujaribu gauni inabidi apande mtumbwi wa mashine, kisha gari, na nauli ni ya kwenda na kurudi. Kwa hiyo anapimwa na dada yake nyumbani, anatutumia vipimo vya kifua, kiuno na nyonga, pamoja na picha za mbele, ubavuni na mgongoni. Kwenye picha hizo hana mtandio wala buibui, maana fundi lazima aone bega linavyokaa. Barabarani hakuna anayeuona hata unywele wake, lakini kwenye simu yetu yupo bila stara.

Kuna mteja alitufikia na gauni lililoshonwa nusu, amelichukua kwa fundi mwingine. Simu ya fundi yule ilipasuka kioo, ikapelekwa kutengenezwa bila kufungwa kwa namba yoyote. Picha za vipimo zikatoka, zikazunguka kwenye magrupu mpaka zikamfikia mama mkwe. Nikahi ilifungwa, alhamdulillah, lakini binti alilia mbele yetu huku tukimpima upya kwa mkono. Hakuwahi kumtumia mtu picha zile isipokuwa fundi wake.

Allah katika Suratun Nisaa, aya ya 58, anatuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe. Na katika Suratun Nur, aya ya 27, tumekatazwa kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe. Sisi tunaona simu yenye picha za watu ni nyumba ya watu. Kusema "Allah atatusitiri" huku simu iko wazi haitoshi. Mtume (s.a.w.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mola wake.

Tunavyofunga

Simu ya kazi ni ya kazi tu, watoto hawaichezei. Tunaifungua kwa namba sita badala ya nne. Namba nne zina michanganyiko 10,000, namba sita zina 1,000,000. Mwaka wa kuzaliwa hatutumii, wala tarehe ya ndoa, kwa sababu jirani yeyote anaijua.

Barua pepe ndiyo tunayoilinda kuliko zote. Mtu akiingia humo, anaweza kuomba nywila mpya za akaunti zako nyingine nyingi. Nywila yake tumeitunga kwa maneno manne yasiyohusiana, mfano sindano, mvua, senene na ngazi. Ni ndefu, inakaa kichwani, na ni ngumu kubahatisha. Usitumie mfano huu, tunga wako, na usiirudie nywila hiyo kwingine.

WhatsApp tumeiwekea uthibitishaji wa hatua mbili, ile namba ya siri ya tarakimu sita. Ile namba inayokuja kwa ujumbe hatumpi mtu, hata akijiita shoga yetu wa zamani. Tumezima picha kujihifadhi zenyewe kwenye simu, na kila Ijumaa tunaangalia orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Tukikuta kompyuta tusiyoijua tunaiondoa.

Gauni likishachukuliwa, picha za vipimo tunazifuta. Tunazifuta pia kwenye pipa la taka, kwa sababu picha iliyopakiwa Google Photos na kufutwa hubaki kwenye pipa hadi siku 60.

Zana ipi ya kutunzia nywila?

Nywila zikizidi kumi kichwa kinagoma. Tulilinganisha njia nne. Daftari ni zuri kama linakaa kabatini na kufuli, lakini la Bukoba halisomeki Muleba. Kitunza nywila cha Google ni rahisi kwa mwenye simu yake peke yake. KeePassDX haihitaji intaneti, kila kitu kinakaa kwenye simu yako, ila nakala ya akiba utunze mwenyewe. Bitwarden ina huduma ya bure na inafunguka kwenye simu na kompyuta. Sisi tulichagua Bitwarden kwa sababu tuko miji miwili. Dada mwenye cherehani moja nyumbani, daftari na kufuli vinamtosha.

Nywila kuu tumeiandika na kuiweka kwenye bahasha iliyofungwa, pamoja na wasia. Humo tunahifadhi hesabu za malipo ya awali ya wateja. Mmoja wetu akiondoka duniani, haki za watu zisipotee naye.

Na mume je?

Swali hili mabibi harusi hutuuliza sana. Simu yako binafsi, kubaliana na mumeo kwa mashauriano na heshima. Simu ya kazi ni jambo jingine. Mume wa mmoja wetu aliomba kuifungua, akanyimwa, akakasirika siku mbili. Akaulizwa kwa upole, "Baba, ungependa mume wa fundi mwingine aone picha za dada yako?" Akanyamaza. Tangu hapo yeye ndiye anayewakumbusha watoto wasiiguse. Mume kuaminiwa anaaminiwa, lakini ruhusa ya picha zile anayo bibi harusi peke yake.

Pesa

Ukipata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", usitume. Peleka namba ya tapeli kwenda 15040. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, na usiyoitambua kaiondoe. Namba ya siri ya pesa usimtajie hata anayejitambulisha kuwa ni huduma kwa wateja.

Kwa bibi harusi

Kabla hujamtumia fundi picha, muulize mambo matatu: nani mwingine anaifungua simu yako? Picha zangu utazifuta lini? Simu ikiharibika unaipeleka vipi kwa fundi? Fundi mwenye amana atakujibu bila kununa. Akikucheka, chukua kitambaa chako uondoke, au nenda akupime kwa mkono. Kwa picha nyingine tumia ile njia ya kutazamwa mara moja, na uso wako si lazima uonekane kwenye picha ya vipimo.

Allah azisitiri aibu zetu na za wateja wetu, azibariki nikahi zenu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotunza amana. Amin.

Wabillahi tawfiq. Dada zenu mafundi, Bukoba na Muleba.