Mdomo Usiovumilia Dawa ya Meno: Nasaha kwa Binti wa Kaka

Tanga
Kwa binti wa kaka, Arusha

Mdomo unaoikataa dawa ya meno aghalabu haukatai dawa nzima. Hukataa kiungo kimoja au viwili kati ya vingi vilivyomo ndani ya tyubu, na mbadala unaofaa ni ule usio na kiungo hicho lakini unaoendelea kuyalinda meno. Habari zilizofika Tanga zinasema kwamba binti aliyeko chuoni Arusha, baada ya midomo kumpasuka na vidonda kumrudia, ameitupa dawa ya meno na sasa anasugua kwa mkaa na ndimu kila asubuhi, kwa ushauri wa wenzake wa bwenini. Aliyezileta habari hizo alimwona kwa macho yake. Ndizo zilizofanya maelezo haya yaandikwe kwa urefu.

Kazi ya kwanza ni kuyatenga maradhi, kwa maana mambo matatu tofauti huitwa kwa jina moja la mzio. La kwanza ni mzio wenyewe: kinga ya mwili hukitambua kiungo fulani kuwa adui, na kila kinapogusa ngozi dalili hurudi. Mzio wa namna hii kwa kawaida hauji papo hapo. Huchukua saa kadhaa hadi siku mbili, ndiyo maana wengi hawaishuku dawa waliyopigia mswaki juzi. Midomo hukauka, hubabuka na kupasuka, pembe za mdomo huwa nyekundu, na ngozi inayozunguka mdomo huwasha. La pili ni mwasho usiohusu kinga: povu au ladha kali huichubua ngozi laini ya ndani ya mashavu mpaka ikabanduka vipande vyeupe. La tatu ni ganzi ya meno: jino hushtuka kwa maji baridi, chai ya moto au embe bichi kwa sababu tabaka lake la ndani, yaani dentini, limebaki wazi. Mwenye ganzi ya meno akitafuta tiba ya mzio hatapona, na mwenye mzio akinunua dawa ya ganzi huenda akaununua mzio uleule kwa bei kubwa zaidi.

Dawa ya meno ya kawaida ina unga wa kusugulia, mara nyingi silika au kalisi kaboneti, glisirini au sobitoli ya kuizuia isikauke, kiungo cha kutoa povu, ladha, vihifadhi, rangi, na floraidi. Unga na glisirini ni nadra kuleta shida. Washukiwa wakubwa wa mzio ni ladha. Mnanaa na jamii yake, mentholi, karvoni, mdalasini na karafuu vyote vimethibitishwa kuwa vinaweza kuleta mzio wa midomo, na mdalasini una sifa mbaya kuliko vingi. Kwenye lebo ladha hizo mara nyingi hazitajwi moja moja; hufunikwa na neno moja, aroma, na mnunuzi hajui amenunua nini. Watu wa Pwani huiamini karafuu ya Pemba kwa maumivu ya jino, na ni kweli mafuta yake huyatuliza. Lakini mafuta hayo yakipakwa bila kuchanganywa huunguza fizi, na yujenoli iliyomo ni kiungo cha mzio kinachojulikana. Dawa zinazoitwa za asili hazina kinga hapa. Baadhi yake zina propolisi, ile gundi ya nyuki, ambayo huwasumbua watu wengi kuliko kemikali nyingi zinazoogopwa.

Mshukiwa wa pili ni povu. Kiungo chake cha kawaida ni sodiamu laurili salfeti, ambacho hufupishwa SLS. Kwa wengi hakina neno, ila kwa wenye ngozi dhaifu ya mdomo hukausha na kuchubua. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Norwei waliona kwamba baadhi ya watu wenye vidonda vya mara kwa mara walipata vidonda vichache walipotumia dawa isiyo na SLS. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, lakini kuiacha hakumgharimu mtu kitu isipokuwa povu. Dawa zisizo na SLS mara nyingi huweka mahali pake kokamidopropili betaini, ambayo ni laini zaidi, ingawa nayo ina watu wake inaowaletea mzio. Kuna pia krimu za kuimarisha meno zinazotengenezwa kwa protini ya maziwa ya ng'ombe, na mwenye mzio wa maziwa hapaswi kuzigusa. Floraidi yenyewe, inayolaumiwa kuliko vyote, ni nadra sana kuleta mzio wa kweli.

Hapa ndipo mkaa na ndimu vinapohitaji maelezo marefu. Gamba la nje la jino huanza kuyeyuka pH ya mdomoni, yaani kipimo cha uchachu, inaposhuka chini ya 5.5 hivi. Maji ya ndimu yana pH ya karibu 2. Jino likishalainishwa na ndimu, unga wa mkaa hulikwangua, na kilichokwanguliwa hakioti tena. Weupe unaoonekana wiki za mwanzo ni madoa ya chai yaliyoondoka pamoja na gamba. Dentini ya chini yake ina rangi ya manjano, kwa hiyo kadiri mtu anavyosugua ndivyo meno yanavyozidi kuwa ya manjano, naye huongeza mkaa.

Ukoo huu umeshaliona jambo hilo. Dada mkubwa, marehemu sasa, alipokuwa Pangani alianza kupasuka midomo mara tu ilipoingia madukani dawa moja nyekundu yenye ladha ya mdalasini. Majirani wakasema dawa ya kizungu imekataana na damu yake. Akaletewa mkaa wa kusaga na ndimu, akasugua asubuhi na jioni, na kwenye harusi moja ya mwaka ule watu walimsifu kwa meno. Baadaye akaacha kunywa maji ya mtungi kwa sababu ya ubaridi wake. Kisha chai ikamshinda. Meno ya mbele yalifupika yakawa na kingo nyembamba, mashimo yakaanza karibu na fizi, na yakang'olewa moja baada ya jingine. Midomo je? Iliendelea kupasuka muda wote huo, kwa sababu mdalasini haukuwa kwenye dawa peke yake. Ulikuwa kwenye chai yake ya kila siku. Dawa ya meno ilitupwa, mdalasini ukabaki kwenye birika. Jambo hilo lilielezwa barazani mapema kabisa na mdogo wake wa kike, aliyekuwa ametoka kwenye mafunzo ya uuguzi wa meno, na kaka zake wakacheka wakasema mtoto wa kike amesoma juzi anataka kuwafundisha wakubwa. Mmoja wa waliocheka ndiye baba wa binti wa Arusha. Dada alipoacha mdalasini kwenye chai, midomo ilipona katika muda mfupi. Meno hayakurudi.

Wanaohimiza mkaa huko Arusha wana hoja nyingine, kwamba dawa ya meno ndiyo huyafanya meno ya watu wa kaskazini kuwa ya kahawia. Rangi hiyo ipo, na chanzo chake ni floraidi kweli, lakini ni ile ya majini. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huingiza floraidi kwenye maji, na baadhi ya chemchemi na visima vinavyozunguka Mlima Meru huzidi mara nyingi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Magadi ya kupikia maharage nayo huongeza. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yanayopungua sufuriani huiacha ikiwa nzito zaidi. Meno huharibika rangi yakiwa bado yanajengwa ndani ya taya, na kwa meno ya kudumu, ukiacha magego ya mwisho, kazi hiyo huwa imekwisha mtoto afikapo miaka 8 hivi. Binti aliyekulia Tanga na kufika Arusha akiwa mtu mzima hawezi kupata rangi hiyo, si kwa maji wala kwa dawa. Wa kuangaliwa ni mtoto mdogo anayemeza dawa: wa chini ya miaka 3 atiliwe kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa kuwa ndiyo kinga ya meno kutoboka yenye ushahidi mwingi kuliko nyingine. Kiasi kinachotakiwa ni sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, na huandikwa kwenye tyubu.

Kwa hiyo mbadala wa kwanza ni dawa yenye floraidi, isiyo na SLS na isiyo na ladha, au yenye ladha isiyo ya jamii ya mnanaa wala mdalasini. Dawa za watoto zenye ladha ya matunda mara nyingi hazina mnanaa, na mtu mzima anaweza kuzitumia iwapo floraidi yake inafika 1,000. Mbadala wa pili, kwa mwenye sababu ya kweli ya kuiepuka floraidi, ni hidroksiapataiti, madini yaleyale yanayojenga jino. Wajapani wameitumia kwenye dawa za meno tangu miaka ya 1980. Matokeo yake yanatia moyo, ila ushahidi wake haujafikia wa floraidi, na si rahisi kuipata madukani kwetu. Wa tatu ni bikaboneti ya sodiamu, ile soda ya kuokea ya vikopo vidogo. Haikwangui sana na hupunguza uchachu, lakini haina floraidi, basi iwe ya kuvukia siku za kupumzisha mdomo. Isichanganywe na magadi ya jikoni, wala na magadi soda ya kutengenezea sabuni, ambayo huunguza. Wa nne ni mswaki wa mti. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuhimiza matumizi yake mwaka 1986, na anayejua kuutafuna ncha na kusugua taratibu kuelekea mbali na fizi husafisha vizuri. Ukali wake unafanana na wa haradali, kwa hiyo mdomo wenye vidonda usubiri upone. Mwenye ganzi ya meno hutafuta dawa yenye nitrati ya potasiamu au floraidi ya stanasi, na huvumilia wiki kadhaa kabla ya kuona nafuu.

Kiungo kinachodhuru hupatikana kwa kupunguza vitu, kisha kurudisha kimoja kimoja. Kwa wiki mbili au tatu mtu hutumia mswaki laini na maji, au dawa isiyo na ladha wala SLS, na huacha pia pipi za mnanaa, bazoka, dawa ya kusukutua, rangi ya mdomo na chai ya viungo. Midomo ikipona, hurudisha kitu kimoja, husubiri wiki, kisha kingine. Anayebadilisha vyote kwa siku moja hajifunzi lolote. Lebo isomwe yote. Mei 2007 raia mmoja wa Panama, Eduardo Arias, alisoma tyubu ya dawa ya meno dukani akakuta imeandikwa daietilini glaikoli, sumu iliyokuwa imeua watu wengi nchini humo mwaka uliotangulia ikiwa ndani ya dawa ya kikohozi. Alitoa taarifa, na dawa za meno zenye sumu hiyo zikaja kugundulika katika nchi zaidi ya 30. Kwa Tanzania, tyubu isiyo na lebo inayosomeka wala alama ya Shirika la Viwango (TBS) iachwe hapohapo kwa mwuzaji.

Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki mbili si jambo la kujitibu bwenini. Huenda ni upungufu wa madini ya chuma au vitamini, fangasi, au kitu kizito zaidi, na mficha maradhi kilio humfichua. Ulimi au koo likivimba na pumzi kubana, huo ni wito wa hospitali saa ileile. Kwa mzio wa midomo usioeleweka, wataalamu wa ngozi hubandika viraka vyenye viungo vinavyoshukiwa mgongoni kwa saa 48, kisha huvisoma siku hiyo na tena siku moja au mbili baadaye. Moshi si mbali na Arusha, na pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992.

Yaliyobaki ni machache. Mswaki hubadilishwa kila miezi mitatu. Dawa hutemwa bila kusukutuliwa kwa maji mengi. Baada ya kula kitu kichachu hungojwa nusu saa kabla ya kupiga mswaki. Aliyeshauri mkaa aulizwe meno ya bibi yake yako wapi. Nyumbani wote wazima. Bibi anatembea hadi uani, na baba mdogo amerudi kutoka Muscat na fungu la miswaki ya mti, ambalo litaletwa na wa kwanza kusafiri.

Mkaa na ndimu viachwe leo, hata kama midomo haijapona, kwa kuwa midomo ina muda na meno hayana. Dawa isiyo na ladha wala povu ianze kesho. Wiki tatu zikipita bila nafuu, safari ya Moshi isiahirishwe. Nauli italipwa na baba yake, na safari hii hana sababu ya kucheka.

Wasalaam,
Shangazi